Mshale Unaopima Sauti: Namna ya Kuzitumia Tena Mita za Deki Zilizokufa

Katika karne ya 19 misafara iliyopita Tabora iliendeshwa kwa mizani. Kipimo kikuu kilikuwa frasila, ambayo ni takriban kilo 16, na mzigo wa mpagazi mmoja kwa kawaida ulikuwa kama frasila 2. Mzigo mwepesi mno ulikuwa hasara kwa mwenye mali. Mzigo mzito mno ulimwangusha mpagazi kabla hajafika Ujiji. Njia hiyo, iliyotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara, ilibeba nguo, shanga na pembe, na ilibeba pia watu waliotiwa utumwani. Ndiyo njia ambayo reli ya kati iliifuata kwa sehemu kubwa ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914.

Makala haya yanahusu mzigo wa aina nyingine uliomo katika nyumba za mji huo huo, nao ni sauti iliyonaswa. Sauti nayo ina uzito unaofaa. Ikipitishwa kwa kiwango cha chini mno humezwa na mvumo wa kanda na wa vyombo. Ikipitishwa kwa kiwango cha juu mno hupasuka na kukwaruza. Mizani ya kazi hiyo ni mita ndogo yenye mshale, ambayo miaka ya 1970 ilipamba uso wa karibu kila deki ya kaseti na kila amplifaya nzuri. Mapema katika miaka ya 1980 viwanda vilianza kuiacha na kutumia safu za taa. Leo mita hizo zimo katika masanduku ya mafundi redio, ndani ya vyombo ambavyo havitaimba tena. Swali letu ni hili: je, mwenye stirio ya nyumbani anaweza kuzitumia tena, na zitamfaa nini zaidi ya kupendeza macho?

Sauti za Tabora zilizomo katika kanda

Tabora ilikuwa mji wa muziki kabla ya kaseti kuvumbuliwa. Kiko Kids ya Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, ambamo Shem Karenga alijulikana nchi nzima kwa wimbo wa "Dada Asha", zote zilikuwa bendi za mji huu. Nyimbo nyingi za bendi za Tanzania zilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya kutangazwa tu. Nyingine zilitolewa kwenye santuri zilizochapwa Nairobi, kwa kuwa nchini hapakuwa na kiwanda cha kuzichapa. Wasikilizaji wengi walizipata kwa njia ya tatu, yaani kuzinasa wenyewe kutoka redioni kwa kaseti, chombo kilichotolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963.

Kanda ya sumaku haidumu milele. Gundi inayoshika unga wa sumaku huchoka, kanda hujikunja kwa joto, na ukungu huota katika majira ya mvua. Kaseti nyingi zilizosalia zitachezwa vizuri mara chache tu kabla hazijaharibika, na mara moja kati ya hizo yafaa iwe ya kuhamishia sauti kwenye kompyuta. Kwa sababu hiyo suala la kiwango si la mapambo. Atakayehamisha kaseti kwa kiwango kibaya huenda akabaki na nakala mbaya ambayo ndiyo nakala ya pekee.

Kwa nini mshale husogea

Mwaka 1820 Oersted, mwalimu wa chuo kikuu cha Copenhagen, aliona kuwa sindano ya dira huyumba inapokaribiana na waya unaopitisha umeme. Mwaka 1882 d'Arsonval na Deprez, huko Ufaransa, waliugeuza mpangilio huo: sumaku ikatulizwa, na waya ukaachwa uzunguke. Mita yetu ni mjukuu wa chombo hicho.

Ukiifungua utakuta sumaku ya kudumu na, katikati yake, koili nyepesi ya waya mwembamba wa shaba iliyoshikwa na kamani ndogo kama zile za saa ya mkononi. Umeme ukipita katika koili, koili nayo inakuwa sumaku na kujaribu kuzunguka, huku kamani zikiirudisha. Mshale husimama pale nguvu hizo mbili zinapolingana. Umeme ukiongezeka maradufu, mshale nao husogea umbali maradufu. Umeme unaohitajika ni mdogo sana: mita nyingi za deki za nyumbani hufika mwisho wa uso wake kwa mikroampea kati ya 100 na 500, yaani chini ya sehemu moja ya elfu ya ampea.

Yafaa ieleweke kwamba mita haisikii sauti, bali umeme tu. Umeme wa sauti ni mkondo geu, unaokwenda mbele na kurudi nyuma mamia au maelfu ya mara kwa sekunde, na mshale hauwezi kuufuata mwendo huo. Ungetetemeka tu papo hapo. Kwa hiyo kabla ya mita lazima pawepo dayodi zinazougeuza mkondo geu kuwa wa upande mmoja.

Maana ya herufi VU

Mita nyingi zimeandikwa VU, herufi za Kiingereza zenye maana ya vizio vya ukubwa wa sauti. Kipimo hicho kilikubaliwa nchini Marekani mwaka 1939 na maabara za Bell pamoja na mashirika ya utangazaji ya CBS na NBC, ili fundi wa mji mmoja na fundi wa mji mwingine waliounganishwa kwa waya wa simu wawe na lugha moja. Katika studio, alama ya 0 ina maana ya volti 1.228. Uso wa mita huanza -20 na kuishia +3, na namba hizo ni desibeli.

Desibeli ni hesabu ya logarithi. Kila nguvu ya umeme, inayopimwa kwa wati, inapoongezeka maradufu, desibeli huongezeka kwa 3. Inapoongezeka mara 10, huongezeka kwa 10. Sikio la binadamu nalo hupima hivyo hivyo, kwa mafungu ya mara kadhaa na si kwa kujumlisha. Ndiyo sababu wati 20 hazisikiki kuwa kubwa mara mbili kuliko wati 10. Msikilizaji hutambua tofauti ndogo tu.

Jambo la pili, ambalo wengi hawalijui, ni kwamba mita halisi ya VU ilitengenezwa makusudi iwe nzito wa mwendo. Ukiipa sauti ya ghafla isiyobadilika, huchukua sehemu 3 za kumi za sekunde kufika mahali pake. Uzito huo unaufanya mshale uonyeshe wastani wa sauti, karibu na namna sikio linavyousikia. Lakini pigo la ngoma hupanda na kushuka katika muda mfupi kuliko huo. Mshale unapoonyesha 0, kilele cha pigo huenda kimekwisha kupita kwa desibeli 10 au zaidi bila mshale kukiona. Mita hii husema kweli kuhusu wastani, na hunyamaza kuhusu vilele.

Kuichagua na kuijaribu mita

Mita hupatikana katika deki za kaseti, vinasa sauti vya kanda za magurudumu, mikisa za zamani na amplifaya. Redio kaseti nyingi zilikuwa na mita moja ndogo ya kuonyesha betri au stesheni. Nayo hufaa, ingawa uso wake lazima uandikwe upya. Kwa stirio tafuta mbili za aina moja kutoka chombo kimoja, maana mita mbili za asili tofauti hazitacheza pamoja hata ukizirekebisha.

Msomaji na auepuke kosa moja la kawaida, la kuijaribu mita kwa multimita iliyowekwa kwenye omu. Multimita hutoa umeme wake yenyewe, na katika vipimo vya chini umeme huo waweza kuubamiza mshale hadi ukapinda. Njia salama ni hii. Chukua betri moja ya volti 1.5, rezista ya omu 3,300 kwa ulinzi, na rezista ya kuzungusha ya omu 100,000. Ziunganishe kwa mfululizo pamoja na mita, ukianza na rezista ya kuzungusha ikiwa imefunga kabisa, yaani kwenye omu nyingi. Ifungue polepole mpaka mshale ufike mwisho wa uso. Kisha zima, pima omu za rezista zote mbili, na ugawanye volti 1.5 kwa jumla hiyo. Kwa mfano, zikiwa omu 6,850 na koili yenyewe ina omu 650, jumla ni 7,500, na mita yako ni ya mikroampea 200.

Omu za koili hupatikana kwa ujanja mwingine. Mshale ukiwa mwisho wa uso, weka rezista nyingine ya kuzungusha sambamba na mita na uirekebishe mpaka mshale urudi nusu. Umeme sasa umegawanyika karibu sawa kwa sawa, basi omu za rezista hiyo ni takriban omu za koili.

Mshale ukienda kinyume, badilisha nyaya. Ukigomea katikati, huenda vumbi la chuma limeingia kwenye sumaku, na hapo kazi ni ya subira na kibanzi cha mti. Katika miezi ya kiangazi cha Tabora lipo tatizo jingine linalofanana na hilo: kioo cha plastiki kikifutwa kwa kitambaa kikavu hujaa umeme tuli na kuuvuta mshale. Kifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na tone la sabuni, nao utaachia.

Ikibidi mita isafirishwe kwa gari au treni, unganisha ncha zake mbili kwa kipande cha waya. Mshale ukitikisika, koili inayosogea ndani ya sumaku huzalisha umeme wake yenyewe, na umeme huo, ukipata njia, huupinga mtikisiko. Ni breki isiyogharimu kitu.

Kuiunganisha na amplifaya

Tuchukue mfano wa amplifaya ya wati 20 kwa kila upande, yenye spika za omu 8. Volti zinazokwenda kwenye spika hupatikana kwa kuzidisha wati kwa omu na kutafuta kipeuo cha pili cha jibu. Wati 20 zinahitaji volti 12.65; wati 10 zinahitaji volti 8.94. Tofauti kati ya wati 10 na 20 ni desibeli 3. Basi tukiipanga mita ili 0 iwe wati 10, alama ya +3 itaangukia pale pale amplifaya inapofikia mwisho wa uwezo wake. Alama ya -10 itakuwa wati 1, na -20 itakuwa sehemu ya kumi ya wati.

Kwa kila mita unahitaji dayodi 4 zilizopangwa daraja, rezista moja ya omu 22,000, rezista ya kuzungusha ya omu 100,000, na kapasita ya mikrofaradi 100. Rezista mbili huunganishwa kwa mfululizo kutoka waya mmoja wa spika hadi ingizo moja la daraja, na waya wa pili wa spika huenda kwenye ingizo la pili. Mita hukaa kwenye matokeo ya daraja, chanya kwa chanya, na kapasita huwekwa sambamba nayo. Kapasita ndiyo inayoupa mshale mwendo wa kutulia. Ukiona unarukaruka mno ongeza, ukiona unachelewa punguza.

Dayodi ziwe za gerimani, ambazo nazo hupatikana katika redio za zamani. Katika daraja umeme hupita dayodi mbili kwa wakati mmoja. Zile za silikoni kwa pamoja zinaweza kula volti 1 na zaidi. Za gerimani hula kama nusu volti au pungufu. Katika alama ya -20 volti zote za spika ni 0.894 tu. Mwenye kutumia silikoni ataona mshale umelala wakati chumba kimejaa sauti ya chini, naye atadhani mita ni mbovu. Hata kwa gerimani, mshale utasoma pungufu katika sehemu ya chini ya uso, na hilo hapana budi kulikumbuka.

Kila mita iwe na daraja lake, wala nyaya za mita mbili zisiunganishwe pamoja mahali popote. Amplifaya nyingi za magari na vibao vingi vidogo vya siku hizi haviunganishi upande wowote wa spika na ardhi, na waya mmoja wa pamoja waweza kuunguza chombo mara moja. Aidha, balbu ndogo ya mita ikiwa imeungua, weka taa nyeupe ya LED. Kwa umeme mnyoofu wa volti 12 rezista ya omu 1,000 yatosha. Kazi yote ifanywe nyuma ya transfoma, na waya wa ukutani uwe umechomolewa.

Kuifundisha mita kusema kweli

Mita iliyounganishwa bado haijapima chochote. Inacheza, na mgeni ataisifia, lakini alama zake hazina maana mpaka ilinganishwe na kipimo kinachojulikana. Mpagazi aliyekabidhiwa mizani isiyolinganishwa hakuwa na mizani. Alikuwa na ubao na kamba.

Kulinganisha si kugumu. Tafuta sauti moja isiyobadilika, ambayo programu nyingi za simu huweza kuitoa, na uchague mitetemo 400 kwa sekunde. Studio hutumia 1,000, lakini multimita za bei nafuu hupoteza usahihi katika mitetemo mingi. Ondoa spika, kwa maana wati 10 za sauti moja mfululizo hazivumiliki; amplifaya ya transista huweza kukaa bila spika kwa muda mfupi, ila ya vali isijaribiwe hivyo. Weka multimita kwenye volti za mkondo geu, ongeza sauti mpaka isome 8.94, kisha zungusha rezista mpaka mshale usimame juu ya 0. Fanya hivyo upande wa pili. Halafu shusha mpaka volti 2.83, ambazo ni wati 1, uone mshale uko mbali kiasi gani na -10. Andika tofauti hiyo kwenye karatasi na uibandike nyuma ya mita.

Sasa tuisome. Tulisema vilele vya ngoma huweza kuupita wastani kwa desibeli 10. Amplifaya yetu inaishia +3. Basi mshale unapocheza kwenye -7, yaani wati 2 tu, vilele tayari vimefika ukingoni. Mwenye kuusukuma mshale ucheze kwenye 0, kwa kuamini kwamba eneo jekundu liko mbele bado, anavikata vilele vya kila pigo, na vilele vilivyokatwa ndivyo vinavyounguza spika ndogo za sauti nyembamba. Hivyo ndivyo mita iliyolinganishwa inavyoweza kuilinda stirio ambayo mita ya pambo ingeiangamiza.

Kaseti kuingia kwenye kompyuta

Katika kuhamisha kaseti, mita ya spika haitoshi, kwa kuwa sauti inayokwenda kwenye kompyuta hutoka kwenye deki moja kwa moja, kabla ya amplifaya. Wala usiunganishe daraja la dayodi kwenye waya huo: volti zake ni chache mno kuusogeza mshale vizuri, na dayodi zitaichafua sauti yenyewe. Mita za deki zilikuwa na kibao kidogo cha umeme cha kuzisukuma bila kuugusa mkondo wa sauti. Kwa hiyo anayeichana deki iliyokufa asing'oe mshale peke yake. Ang'oe na kibao chake, na aandike nyaya zake kabla ya kuzikata.

Kanda inapozidishiwa sauti hukwaruza pole pole, kama mtu anayechoka. Kompyuta haichoki hivyo. Desibeli 0 ya kidijitali ni dari. Kilele kinachoigonga hukatwa, na hakuna hesabu itakayokirudisha kikamilifu. Kwa sababu hiyo watangazaji wa Ulaya huweka kiwango chao cha kawaida desibeli 18 chini ya dari. Nyumbani fanya vivyo hivyo: panga mambo ili mshale ukiwa 0, kompyuta isome takriban -18. Vilele vya ngoma vitapata nafasi ya kupanda.

Wapo wanaohofu kwamba kwa kuacha nafasi hiyo wanapoteza ubora. Hesabu inawatoa hofu. Kurekodi kwa biti 16 kuna upana wa desibeli 96 hivi kutoka sauti ndogo kabisa hadi dari. Ukiondoa 18 zinabaki 78. Kaseti ya kawaida, kutoka mvumo wake hadi ukomo wake, haina zaidi ya 60 hivi. Mzigo wote unaingia, na nafasi inabaki.

Hapa pana onyo la mwisho kwa mafundi na kwa wenye stirio. Mita zitafutwe katika deki zilizokufa kweli: zilizoungua transfoma, zilizovunjika vichwa, zilizokosa injini. Deki ambayo bado inazungusha kanda, hata kwa mkanda wa mpira uliolegea, thamani yake leo inazidi mita zake zote, kwa sababu bila ya hiyo kaseti za mtaa mzima hazina mlango wa kutokea. Mkanda wa mpira hubadilishwa kwa nusu saa. Anayeiua deki hai ili kupamba amplifaya atakuwa amepata mizani na kuupoteza mzigo.